Mganga Aliyesikia kwa Vidole: Maisha ya Helen Taussig (1898–1986)



Wakati wa likizo iliyopita alinijia msichana mmoja ambaye zamani nilimfundisha katika shule yetu ya misheni. Sasa anajifunza uuguzi mjini, naye yu katika mwaka wa pili. Tangu utoto wake sikio la kushoto halisikii kitu, na la kuume lasikia nusu tu. Alikuja na fedha alizozipata baba yake kwa kuuza mihogo, ili anunue chombo cha kusikilizia vifua vya wagonjwa, ndicho waganga waitacho stetoskopi. Akaniomba shauri. Je, anunue stetoskopi ya namna gani? Ama amrudishie baba fedha zake na kuacha masomo, kwa kuwa wenzake humwambia ya kwamba kiziwi hawezi kusikiliza moyo wa mtu?

Mimi ni mwalimu, si mganga. Siku ile sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe siku chache, nikatafuta vitabuni, nikakuta maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani. Nimeona vema kuwasimulia ninyi pia, kwa maana kila kijiji kina mtu ambaye kiungo chake kimoja kimelegea, na kila kijiji kina watu walio tayari kumwambia aketi tu.

1. Chombo chenyewe

Kwanza tuseme habari za chombo. Zamani mganga aliyetaka kusikia moyo wa mgonjwa aliweka sikio lake juu ya kifua chake. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, mganga René Laennec alikuwa na mgonjwa msichana, akaona haya kumfanyia hivyo. Akakunja karatasi kama mwanzi, akaweka ncha moja kifuani na ncha ya pili sikioni. Akashangaa, maana alisikia moyo vizuri kuliko zamani. Baadaye alitengeneza mwanzi wa mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu cha kueleza sauti zote alizozisikia. Wengine waliomfuata wakatengeneza mirija miwili, mmoja kwa kila sikio, kama tunavyoona leo shingoni mwa waganga.

Tangu wakati huo waganga walijifunza kuutambua ugonjwa wa moyo kwa masikio. Basi yule ambaye masikio yake yamefunga, atafanyaje? Hilo ndilo jambo lililompata Helen Taussig.

2. Utoto wake

Helen alizaliwa tarehe 24 Mei 1898 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake, Frank Taussig, alikuwa mwalimu mashuhuri wa chuo kikuu cha Harvard. Mama yake naye alikuwa mwanamke aliyesoma. Lakini Helen alipokuwa na miaka 11 mama alikufa kwa kifua kikuu. Mtoto mwenyewe alipatwa na ugonjwa huo, ikamlazimu kwa muda mrefu kwenda shuleni nusu ya siku tu.

Tena alikuwa na taabu nyingine. Herufi zilimchanganya. Wenzake walisoma ukurasa mzima, naye alikuwa angali akihangaika na mistari ya kwanza. Walimu wengi wangalisema mtoto huyu ni mjinga. Baba yake hakusema hivyo. Aliketi naye siku kwa siku, akasoma naye polepole, bila kumkemea. Kwa uvumilivu huo Helen alijifunza kusoma, na mwaka 1921 alimaliza masomo katika chuo kikuu cha California, huko Berkeley.

Wazazi mnaosoma habari hii, liangalieni jambo hilo. Kama baba yule angalikasirika na kumtoa mtoto shuleni, watoto wengi sana wasingaliishi. Mtaona jinsi gani.

3. Milango iliyofungwa

Helen alitaka kujifunza uganga. Wakati ule shule ya uganga ya Harvard haikuwapokea wanawake. Iliwafungulia mlango mwaka 1945 tu. Katika shule ya afya ya chuo kile kile alijibiwa ya kwamba anaweza kuhudhuria mafundisho, lakini hatapewa cheti. Alipopata ruhusa ya kufuata somo moja la uganga, alitakiwa kuketi mbali pembeni, na kutazama vipande vya mwili kwa darubini katika chumba cha peke yake, asikae pamoja na wanaume.

Hakufanya ugomvi, wala hakurudi nyumbani. Alikwenda chuo kikuu cha Boston, na huko mwalimu mmoja, Alexander Begg, alimpa moyo wa ng’ombe auchunguze. Tangu siku hiyo moyo ukawa kazi yake. Mwalimu yule alimshauri kwenda Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore. Shule ya uganga ya huko iliwapokea wanawake tangu ilipofunguliwa mwaka 1893, kwa sababu wanawake ndio waliotoa sehemu kubwa ya fedha za kuianzisha, nao waliweka sharti hilo. Helen akapata cheti cha uganga mwaka 1927. Mwaka 1930 mganga mkuu wa watoto, Edwards Park, akamweka kuwa mkubwa wa kliniki ya watoto wenye magonjwa ya moyo.

4. Masikio yanafifia

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyokutana. Wakati ule ule alipokabidhiwa mioyo ya watoto, masikio yake yalizidi kufa. Sauti za watu zikawa mbali. Mlio wa moyo katika stetoskopi ya kawaida ukapotea. Ni kama mwindaji aliyepewa bunduki siku ile macho yake yanapoingiwa na ukungu.

Helen alifanya mambo matatu, nami nawaomba myashike.

La kwanza, hakuficha. Alivaa chombo cha kumsaidia kusikia, akajifunza kufuata midomo ya watu wanaposema.

La pili, alitafuta chombo kinachofaa mwili wake. Hakung’ang’ania stetoskopi ya wenzake kwa sababu ya haya. Alitumia stetoskopi ya umeme yenye kukuza sauti, ingawa siku zile ilikuwa kitu kikubwa kisichopendeza kubebwa kutoka kitanda hadi kitanda.

La tatu, aliifundisha mikono yake kazi ya masikio. Weka kiganja chako juu ya ngoma inapopigwa: hata ukiziba masikio, mkono wapokea pigo. Ndivyo ulivyo moyo. Damu inapolazimika kupita kwa nguvu katika njia nyembamba, au katika tundu lisilo mahali pake, hutetemesha kifua. Helen aliweka vidole vyake juu ya kifua cha mtoto, taratibu, mahali baada ya mahali, akatambua mtetemo unaanzia wapi na unakwenda wapi. Wanafunzi wake wenye masikio mazima walistaajabu kwa yale aliyoyajua kwa mkono.

Lakini tusidanganyane: mkono hausikii yote. Mtetemo mkubwa huonekana mkononi, mdogo hauonekani. Kwa hiyo Helen hakuutegemea mkono peke yake. Alitumia pia mashine ya kuona moyo ukipiga ndani ya kifua kwa mionzi, na mashine ya kuandika nguvu za umeme za moyo. Zaidi ya yote alitumia macho. Alitazama midomo na kucha za mtoto, na jinsi anavyopumua. Alitazama jinsi anavyocheza, maana watoto wenye ugonjwa fulani wa moyo hukimbia hatua chache, kisha huchuchumaa mpaka pumzi irudi. Mambo hayo yote aliyaunganisha pamoja, akajua hali ya moyo ule.

5. Watoto wa buluu

Katika kliniki yake waliletwa watoto ambao midomo, ulimi na kucha zao zilikuwa za rangi ya buluu. Waganga waliwaona, wakawahurumia, wakawarudisha kwa wazazi wao wakafe. Hapakuwa na dawa.

Ili mfahamu, fikirini moyo kuwa nyumba yenye vyumba vinne. Damu iliyochoka huingia vyumba vya kuume, hutumwa mapafuni kupokea hewa, hurudi nyekundu katika vyumba vya kushoto, kisha husambazwa mwili mzima. Wengi wa watoto wale walizaliwa na kilema alichokieleza mganga Fallot wa Marseille, Ufaransa, mwaka 1888. Njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba, tena ukuta wa katikati una tundu. Basi damu iliyochoka hupita tunduni na kwenda mwilini bila kupata hewa. Ndiyo maana mtoto huwa wa buluu na kukosa nguvu.

Helen akagundua jambo. Kila mtoto tumboni mwa mama ana mfereji mdogo unaounganisha mshipa mkubwa wa mwili na mshipa wa mapafu. Baada ya kuzaliwa mfereji huo hujifunga. Aliona ya kwamba baadhi ya watoto wa buluu walikuwa na nafuu mfereji ulipokuwa wazi, na ulipojifunga hali yao ikawa mbaya. Akawaza: wanakufa kwa kukosa damu mapafuni. Mkulima ambaye mfereji wake umeziba huchimba mwingine kando. Kwa nini tusiwafanyie watoto hawa mfereji mpya?

Alikwenda Boston kwa Robert Gross, mganga wa kupasua ambaye mwaka 1938 alifaulu kuufunga mfereji huo kwa mtoto ambaye kwake ulibaki wazi. Gross hakulipenda shauri la kuutengeneza. Helen akarudi, akangoja.

6. Tarehe 29 Novemba 1944

Mwaka 1941 mganga wa kupasua, Alfred Blalock, alifika Baltimore. Alikuja na msaidizi wake Vivien Thomas, mtu mweusi, fundi seremala, mjukuu wa mtumwa. Thomas alitamani kuwa mganga, lakini fedha alizoziweka kwa ajili ya masomo zilipotea benki zilipoanguka. Alifanya kazi ya kitaalamu katika maabara, lakini aliandikwa na kulipwa kama mfagiaji. Helen aliwaeleza wote wawili wazo lake. Kwa muda wa miaka miwili hivi Thomas alijaribu njia hiyo kwa mbwa wengi, mpaka mikono yake ikajua kuishona mishipa midogo isivuje.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa mtoto wa kike, Eileen, mwenye miezi 15, ambaye uzito wake haukufika kilo 5. Blalock alimpasua. Thomas alisimama nyuma ya bega lake juu ya kibao, akimwonyesha namna ya kushona, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi kuliko yeye. Helen alikuwapo pia. Wakauchukua mshipa unaokwenda mkononi, wakauunganisha na mshipa wa mapafu. Mtoto akaishi, na rangi yake ikaanza kuwa njema. Lakini baada ya miezi buluu ilirudi. Akapasuliwa tena, akafa mwaka 1945. Mimi sitaki kuwaficha jambo hilo. Wazazi wake walipata miezi ambayo wasingaliipata, na watoto waliofuata walipata zaidi. Mtoto wa tatu alikuwa mvulana; midomo yake iligeuka kuwa myekundu angali juu ya meza, na waliokuwapo waliona kwa macho yao.

Habari zikaenea duniani. Wazazi wakawaleta watoto kutoka nchi za mbali, na kwa miaka michache tu mamia walipasuliwa. Aliyelitoa wazo alikuwa mwanamke aliyesikia kwa taabu, na aliyeifungua njia alikuwa mtu mweusi asiye na cheti. Sifa hazikugawanywa kwa haki. Helen hakufanywa mwalimu mkuu kamili mpaka mwaka 1959. Jina la Thomas halikuandikwa katika taarifa ya mwaka 1945. Chuo kilimpa heshima ya udaktari mwaka 1976. Leo waganga wengi huiita kazi hiyo kwa majina yao yote matatu.

7. Kazi zake za mwisho

Mwaka 1947 Helen alitoa kitabu kikubwa juu ya vilema vya moyo vya kuzaliwa navyo. Kisha mwaka 1962 alisikia ya kwamba katika Ujerumani watoto wengi wamezaliwa bila mikono au wenye mikono mifupi sana. Alikuwa na miaka 63, lakini akafunga safari akaone mwenyewe. Akakuta ya kwamba mama zao walikuwa wamekunywa dawa ya usingizi iitwayo talidomidi. Katika Marekani dawa hiyo haikuwa imeruhusiwa kuuzwa, kwa sababu mwanamke mwingine, mganga Frances Kelsey, aliikatalia serikalini. Helen aliporudi aliwaonya waganga na watunga sheria, na mwaka huo huo sheria ya dawa ikatiwa nguvu.

Mwaka 1964 rais wa Marekani alimpa nishani kubwa ya taifa. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha moyo cha Marekani. Hata katika uzee hakuacha kazi. Alichunguza mioyo ya ndege ili kujua vilema vya moyo vyatoka wapi. Tarehe 20 Mei 1986, siku 4 kabla ya kutimiza miaka 88, alikufa katika ajali ya gari katika jimbo la Pennsylvania. Mwili wake alikuwa ameutoa kwa shule ya uganga ya Johns Hopkins, wanafunzi wajifunze.

8. Jibu nililompa yule msichana

Baada ya kusoma haya, na baada ya kuuliza waganga, nilimwita yule msichana, nikamwambia hivi.

Usirudishe fedha, lakini usinunue kwa haraka. Kwanza upimwe masikio, ujue ni sauti gani unazozikosa. Sauti za moyo ni nzito, kama ngoma kubwa. Sauti nyingi za mapafu ni nyembamba zaidi, kama filimbi au majani makavu yanayokanyagwa. Mtu aliyepoteza sauti nyembamba tu aweza kusikia moyo kwa stetoskopi ya kawaida iliyo njema, lakini atakosa mlio wa pafu lenye ugonjwa. Aliyepoteza sauti zote mbili ahitaji stetoskopi ya umeme yenye kukuza sauti. Siku hizi zipo ndogo za kushikwa mkononi, si kama ile ya Helen. Nyingine huunganishwa na chombo cha kusikia kilichomo sikioni, na nyingine huonyesha mapigo kwa mstari juu ya kioo, hata jicho likayasoma.

Kabla ya kulipa, ijaribu juu ya kifua cha mtu mzima wa afya, mahali patulivu na mahali penye kelele, maana inayokuza moyo hukuza na kelele. Kama wavaa chombo sikioni, ijaribu pamoja nacho. Uliza pia habari za betri, kama zapatikana mahali utakapofanya kazi. Haifai kununua chombo cha bei kubwa kisha kikalala kabatini.

Tena, waambie walimu wako hali yako mapema. Jifunze kupima pigo la damu kwa vidole na kutazama kucha na midomo, maana macho yako ni mazima. Na siku ambayo huna hakika na ulichosikia, mwite mwenzako asikilize. Kufanya hivyo si aibu. Aibu ni kuandika katika karatasi ya mgonjwa jambo usilolisikia. Hapo mgonjwa ndiye atakayelipa.

Alinisikiliza huku akitazama midomo yangu. Kisha akaniomba nimwandikie jina la Helen Taussig katika daftari lake, nami nikaliandika.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Baba yake Helen alimtendeaje mtoto aliyeshindwa kusoma? Sisi twawatendeaje watoto wa namna hiyo?
2. Taja mambo matatu aliyoyafanya Helen masikio yake yalipofifia.
3. Kwa nini mkono peke yake haukumtosha?
4. Vivien Thomas alinyimwa nini? Je, katika kijiji chetu yuko mtu afanyaye kazi ambayo sifa yake yachukuliwa na mwingine?
5. Ni nani kati yetu aliyeambiwa aketi tu? Twaweza kumtafutia chombo gani, au kumpa nafasi gani?